Kisu cha Mfukoni cha Bei Nafuu: Ununue cha Nje au cha Fundi wa Katwe?

Niseme mapema kwa wenye haraka: kisu cha kukunja nunua cha nje, kisu kisichokunjwa nunua cha fundi wa hapa hapa Uganda. Ila hilo ni jibu la juu juu tu, manake kuna visu vya nje ambavyo hata kumenya embe vinashindwa, na kuna vya Katwe, ule mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala, ambavyo ukivibana kidogo vinabaki vimepinda hivohivo, kwa hiyo nchi peke yake haikusaidii, lazima ujue kukagua. Na kukagua hakuhitaji shule. Ukiwa na kasumaku kadogo na kipande cha kamba mfukoni, dakika chache pale mezani kwa muuzaji unajua kama unauziwa chuma au unauziwa kung'aa.

Naongelea visu vya kazi, vya kuanzia elfu tano mpaka kama elfu hamsini hivi za shilingi ya Uganda, vile mtu wa boda anakatia mipira ya tyubu ya kufungia mizigo, fundi umeme anachuna waya, mwingine anafungua gunia la mkaa, anamenya muwa, anapasua fenesi pembeni ya barabara. Vile vya kuweka kabatini na kupiga picha sitavigusa. Bei nazotaja ni za kukadiria, si unajua Kampala bei ni maelewano, na kile kile unachoambiwa elfu kumi na tano na kijana anayetembeza pale Old Taxi Park unaweza kukikuta Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla, kwa nusu yake kama una subira ya kupenya kwenye ile msongamano.

Unalipia nini hasa

Kwenye kisu cha kukunja kuna vitu vitatu vya kulipia: chuma chenyewe, moto ambao chuma kimepitishwa, na kiungo, yaani pale bapa linapojikunjia. Basi. Picha ya simba kwenye mpini, kompasi, filimbi, tochi inayokufa wiki hiyohiyo, vyote hivyo vimewekwa ili usiangalie vile vitatu. Mimi nikiona kisu cha elfu nane kina vifaa kumi na moja ndani nakirudisha kwanza, halafu ndo naanza kuuliza bei ya kile chenye bapa moja.

Tuanze na chuma. Visu vingi vya bei ya chini kutoka China, vingi vinatengenezwa mji wa Yangjiang mkoa wa Guangdong, ni chuma kinachoitwa 3Cr13 au ndugu yake 420. Hesabu imekaa kwenye jina lenyewe, kaboni kama asilimia 0.3 na kromiamu kama asilimia 13. Kromiamu ndo inazuia kutu, kaboni ndo inaruhusu chuma kiwe kigumu na kishike makali. Sasa ukiwa na kromiamu nyingi na kaboni kidogo unapata kisu kinachong'aa hata ukikisahau kwenye beseni usiku kucha, lakini makali yake unayatafuta baada ya kukata maboksi mawili matatu. Ndo maana neno STAINLESS lililochorwa kwenye bapa halina maana ya ubora, linakuambia kuhusu kutu tu, na hata hapo siyo ahadi.

Ukipanda kidogo unakuta 5Cr15MoV, kaboni kama 0.5, halafu 8Cr13MoV, kaboni kama 0.8, na hapo tofauti unaisikia mkononi kabisa. Kampuni kama Sanrenmu, wako hukohuko Yangjiang, wanatengeneza visu vya 8Cr13MoV vya bei ya mtu wa kawaida na wanavipika vizuri. Kwa hiyo yule anayesema "cha Mchina ni takataka" anasema bila kufikiri. Mchina anatengeneza kulingana na bei uliyompa mfanyabiashara wako, akiambiwa nataka kontena la visu vya senti atakuletea visu vya senti.

Onyo moja hapa. Kuandika 440C kwenye bapa ni kazi ya sekunde chache kwa mashine ya leza na haihusiani kabisa na kilichomo ndani. 440C ya kweli ina kaboni kama asilimia 1 na kromiamu kama 17, siyo chuma cha kisu cha elfu saba ssebo, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake. Vivyo hivyo na ile michoro ya mawimbi wanayoiita Damascus. Wazirabad kule Pakistan wanatengeneza ya kweli, wanapiga tabaka za vyuma viwili pamoja, ila mitaani nyingi ni mchoro wa juu tu. Ukisugua na msasa laini mchoro unaondoka kote kote, tofauti ni kwamba ule wa kweli ukipaka asidi unarudi, wa uongo ukiondoka umeondoka. Bila shaka hakuna muuzaji atakuruhusu kusugua msasa mezani kwake, kwa hiyo mimi nasema kwa bei ya chini achana na Damascus kabisa.

Sasa cha Katwe. Mafundi wetu wanatumia zaidi supringi za gari, zile za majani majani za chini ya lori au pikapu. Chuma hicho kwa Wamarekani ni kama 5160, Wajapani wanaita SUP9, kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu haifiki hata moja. Maana yake kitashika kutu, hilo halina ubishi, lakini kwa kushika makali na kutovunjika kinakizidi kile cha kung'aa cha elfu saba kwa mbali. Kwa karatasi, chuma cha Katwe kimeshinda. Tatizo linakuja kwenye moto.

Moto ndo kila kitu

Supringi ikiwa bado kwenye gari imepikwa ili ijikunje na kurudi, siyo ili ikate. Fundi akiikata kwa grainda, akachonga umbo la kisu akakuuzia, umepata chuma kizuri chenye ugumu wa supringi, makali yatalala haraka ila angalau hakivunjiki. Fundi akiipiga moto mpaka nyekundu, akainyoosha kwa nyundo halafu akaiacha ipoe yenyewe kwenye hewa, umepata kitu laini zaidi, hicho ndo kile kinachopinda. Fundi anayejua kazi atakipiga moto mpaka kifike kiwango ambacho sumaku haikishiki tena, atapita hapo kidogo, atakichovya kwenye oili, na kikishakuwa kigumu kama kioo atakirudisha kwenye joto dogo la kama digrii 200 kwa muda wa saa moja au mbili ili kisiwe cha kuvunjika. Hatua hii ya mwisho ndo wengi wanairuka manake inachukua muda na mteja haioni.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi usimuulize "hiki ni kizuri?" atasema ndiyo, angesema nini. Muulize: hiki umekitoa kwenye nini? Umekichovya kwenye nini? Baada ya kukichovya umekifanyaje? Fundi wa kweli anachangamka ukimuuliza hivyo, anaanza kukuonyesha supringi yenyewe na ndoo yake ya oili chafu ya injini. Asiyejua anakuambia "hii ni chuma ya nguvu bosi" na kubadilisha mada.

Na kuna alama moja ambayo ukiijua hutadanganywa kirahisi. Kamata kisu karibu na macho, ukielekeze kwenye jua, uangalie ukingo wa makali kuanzia shingoni mpaka nchani. Ukiona kama kivuli cha bluu au zambarau kwenye chuma karibu na makali, hasa kwenye ncha ambapo pamekonda, hapo grainda imepasha chuma joto kikapita digrii kama 300 baada ya kuwa kimeshapikwa, na ugumu wa sehemu hiyo umeenda. Kisu kinaweza kuwa kizuri kote na ncha yake ikawa laini kabisa. Wengine wanajua hilo wanafuta bluu kwa msasa, kwa hiyo kama ncha inang'aa sana kuliko sehemu zingine, uliza. Fundi mwangalifu anasaga kidogo anachovya kwenye maji, anasaga kidogo anachovya, unaweza kusimama pale ukamwangalia mwenyewe.

Kama fundi ana tupa, na kila fundi anayo, mwombe uipitishe taratibu kwenye mgongo wa kisu na halafu karibu na makali. Tupa ikiuma kama inakula mti, chuma ni laini. Ikiteleza teleza na kulia kwa sauti nyembamba huku ikikwaruza kidogo tu, kuna ugumu pale. Kwa muuzaji wa visu vya nje hataki ufanye hivyo kwenye bidhaa yake, na ana haki.

Sumaku

Hapa kuna imani mbaya sana mitaani na inawapoteza watu. Watu wanajua sufuria nzuri ya stenlesi haishikwi na sumaku, basi wanachukua sheria hiyohiyo wanaipeleka kwenye kisu, na wauzaji wameshajua, atakuonyesha kwa kujiamini kabisa kwamba "ona, sumaku haishiki, hii ni orijino". Bwana wee. Kwa kisu ni kinyume chake! Stenlesi ya sufuria ni aina ambayo huwezi kuikaza kwa moto, ukiitengenezea kisu kitabaki laini milele. Stenlesi inayofaa kwa kisu, tangu 3Cr13 mpaka 440C mpaka ya Waswisi, yote inashikwa na sumaku. Kwa hiyo sumaku isiposhika, kirudishe mezani na uendelee na safari. Ikishika haimaanishi ni kizuri, inamaanisha tu kwamba kina nafasi ya kuwa kizuri. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inatosha.

Kiungo na loki, mahali cha nje kinaposhinda

Sasa kwa nini nasema cha kukunja nunua cha nje wakati chuma cha Katwe ni bora? Kwa sababu kisu cha kukunja ni mashine ndogo. Tundu la kiungo lazima litoboke sawasawa, ribiti ijae bila kubana, supringi ya mgongoni iwe na nguvu ile ile kila siku, loki, yaani kile kinachozuia bapa lisijifunge likiwa wazi, ikae kwenye kona yake bila nafasi. Fundi mwenye drili ya mkono na grainda anaweza kukitengeneza, sikatai, ila atakuchukulia siku nzima na bei yake itapita ile ya kontena, na akiharakisha utapata kitu kinachocheza cheza kama jino la mtoto. Wengi Katwe ukiwaomba cha kukunja wenyewe watakushauri uchukue kile cha ala, yaani kisichokunjwa. Wasikilize.

Watu wa Karamoja walilimaliza hili swali zamani bila kiungo chochote: bapa la duara linavaliwa kwenye kifundo cha mkono, makali yako nje na yanafunikwa na kipande cha ngozi unachokivua wakati wa kazi. Hakuna ribiti ya kulegea hapo.

Haya, cha nje kiko mkononi, fanya hivi. Kifungue na ukifunge taratibu, usikikurupushe, sikia kama kinasaga mahali. Kikiwa kimefungwa kitazame kwa juu, bapa likae katikati ya mpini, likilala upande mmoja litakuwa linajikwaruza kila ukifungua. Kikiwa wazi shika bapa kwa vidole viwili upande wa mgongo ulitikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo sana kwa bei hii utavumilia, hasa kama kimefungwa kwa skrubu unayoweza kuikaza, lakini kama ni ribiti na kinacheza kikiwa kipya, kitazidi tu. Angalia zile skrubu kichwani, kama zimeshaliwa liwa ina maana hata kiwandani zililazimishwa.

Halafu loki. Hapa usifanye ujinga, toa vidole vyote kwenye njia ya bapa, bana mpini kwa kiganja kutoka pembeni, na ugonge mgongo wa kisu kidogo kidogo mezani, siyo kwa nguvu, kama unabisha hodi. Loki ikiachia hata mara moja, hicho kisu siku moja kitafunga juu ya vidole vyako. Ile loki ya bamba la ndani linalosukumwa pembeni, ukiifungua angalia bamba limeingia kiasi gani nyuma ya bapa: likigusa ukingoni tu kwa unywele ni mbaya, liingie vizuri. Binafsi kwa bei ya chini napenda zaidi visu visivyo na loki kabisa, vinavyoshikwa na supringi ya mgongoni, manake unajua hakuna loki kwa hiyo mkono unakuwa na adabu, kuliko loki ya uongo inayokupa imani ya bure.

Majina machache ya kuyajua

Okapi. Kama utakikuta, na siyo kopi, hicho ndo kipimo changu cha thamani. Ni kisu cha bei ndogo kabisa chenye historia ya Afrika: Wajerumani wa Solingen walianza kukitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao Afrika, na mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini ambako upo mpaka leo. Mpini wa mbao, zile nyota na miezi za bati, bapa la chuma cha kaboni kisicho stenlesi, na aina moja ina kile kipete cha nyuma na inalia trrrk ukiifungua. Kinashika kutu na kikiwa kipya mara nyingi hakijanolewa vizuri, ila ukikinoa kinakata vibaya sana. Ikiwa bapa linang'aa kama kioo na imeandikwa stainless, hiyo siyo Okapi ya mbao ninayoisema. Mnyama mwenyewe okapi ni jirani yetu hapo Ituri, Kongo, na mzungu aliyewapelekea wanasayansi wa Ulaya ushahidi wake mwaka 1901 ni Harry Johnston, yuleyule aliyetia sahihi Mkataba wa Buganda wa 1900.

Opinel, Mfaransa, tangu 1890, mpini wa mbao na kipete cha chuma shingoni unachozungusha kufunga loki, hicho kipete kiliwekwa 1955. Namba 8 ndo ya kawaida, bapa la sentimita 8.5. Inakuja ya kaboni na ya stenlesi. Shida yake kwetu ni unyevu, msimu wa mvua mbao inavimba na bapa linagoma kufunguka, unakigonga kitako mezani mpaka kitoke. Kwa mtu wa shambani ambaye analowa kila siku siipendekezi sana, kwa jikoni na kwa matunda ni raha tupu.

Victorinox, Waswisi, tangu 1884. Cha kweli kipya kinapita bajeti ya makala hii, ila nataja kwa sababu ya feki. Feki zimejaa kuliko orijino, nyekundu zilezile, msalaba uleule. Angalia shingo ya bapa kubwa, cha kweli kimeandikwa VICTORINOX na kwamba kimetengenezwa Uswisi, feki nyingi zinaandika tu neno stainless au rostfrei (ni stainless hiyohiyo kwa Kijerumani) na kukuachia ujaze mwenyewe. Kisha kielekeze kwenye mwanga ukitazame kwa mgongoni: cha kweli mabamba yamebanana huoni mwanga ukipita katikati, feki unaona mianya. Na kila kifaa kikifunguka kinapiga ta! kwa nguvu ileile, feki moja linabana mpaka kucha inavunjika na lingine limelegea linafunguka lenyewe mfukoni. Kama una bahati kwenye mitumba utapata cha zamani cha kweli, kimechakaa mpini, na ningekichukua hicho kabla ya kipya chochote cha bei hiyo.

Hesabu ya thamani

Tuseme unanunua cha elfu saba na kinakufia kila miezi minne, kiungo kinalegea au supringi inakatika. Mwaka mmoja umetumia elfu ishirini na moja, na mwaka mzima umekata kwa kisu butu. Tuseme mwingine ametoa elfu arobaini kwa kisu cha chuma kizuri na kinamkalia miaka minne, huyo ametumia elfu kumi kwa mwaka. Hapo jibu liko wazi, lakini hesabu hii inavunjika kwa watu wa aina moja: wanaopoteza. Kama kazi yako ni ya kupanda na kushuka pikipiki siku nzima na vitu vinadondoka, au una wadogo zako nyumbani ambao kila kisu kinageuka cha kuchimbia udongo, nunua cha elfu kumi na usiumie roho. Jitafutie tu kile chenye bapa moja na kiungo kizuri.

Cha Katwe cha ala, ukiagiza, kinaweza kuanzia elfu kumi na tano hadi thelathini kutegemea mpini na maneno yako. Weka nusu kwanza, nusu ukichukua kisu. Agiza hivi: supringi ya gari, urefu wa bapa kama kiganja chako, unene usizidi milimita tatu (wanapenda kuacha nene sana, ati kisivunjike, ukija kukatia tunda kinapasua badala ya kukata), chuma kiingie mpaka mwisho wa mpini na ribiti mbili zipite. Siku ya kuchukua, kabla ya kumalizia hela, weka ncha kwenye ubao, ukipinde kidogo ukiachie: kirudi sawa. Kikibaki kimepinda, hakijapikwa. Kisha kata kamba yako ya katani vipande kadhaa na baada ya hapo ujaribu karatasi. Kikikata kamba lakini karatasi ikararuka, rudi nyuma kwa fundi, anajua cha kufanya.

Kuhusu kutembea nacho niseme haraka. Kwenye milango ya mall na hoteli Kampala askari wanapitisha mashine, toa kisu mwenyewe kabla hajakuuliza, au kiache nyumbani ukijua unaenda huko. Ukipanda ndege Entebbe kiweke kwenye begi la kupakiwa, la kuingia nalo ndani hawatakubali. Na kwenye mkutano wa siasa usiende nacho kabisa, hata kama ni cha kumenyea chungwa hakuna atakayekusikiliza.

Kukitunza

Chuma cha kaboni, iwe Okapi au cha Katwe, kitageuka rangi ya kijivu jivu ukikata nanasi au embe, hiyo siyo kutu na haina shida, ni kama koti inalinda. Kutu ni ile nyekundu, hiyo unaisugua. Ukimaliza kazi futa, kausha, paka tone la mafuta. Kwenye kiungo tumia mafuta ya cherehani, siyo ya kupikia, manake ya kupikia yanageuka gundi baada ya muda na vumbi la mfukoni linaganda humo. Ila bapa lenyewe kabla ya kupasua fenesi au kumenya matooke lipake mafuta ya kupikia kwanza, ule utomvu hautashika, na ukishashika maji na sabuni haviutoi, unarudi kwenye mafuta yaleyale.

Kunoa: usimpe yule wa baiskeli na jiwe la kuzunguka, cheche zikiruka nyingi anakuchomea makali, na ule ubluu niliousema utauona mwenyewe. Nunua jiwe la pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, hadiwea yoyote wanalo. Ukikosa, geuza kikombe cha udongo cheupe, ule ukingo wa kitako usio na rangi ni jiwe tosha kwa visu vya chuma laini. Pembe unaipata hivi: simamisha kisu wima juu ya jiwe, kiinamishe nusu, halafu nusu tena, hapo uko karibu na digrii 20. Sukuma kama unakata kipande chembamba cha jiwe, upande mmoja mpaka usikie kwa kucha kuna kaukingo kamejikunja upande wa pili kuanzia shingoni mpaka nchani, usihame kabla ya hapo, wengi wanahama mapema ndo maana visu vyao havinoleki. Kisha upande wa pili mpaka kijikunje huku. Hamia upande laini wa jiwe, punguza nguvu, badilisha upande kila mpigo, na mwisho vuta kinyumenyume kwenye mshipi wa ngozi mara kadhaa. Jaribu na ukurasa wa gazeti la Bukedde ukiushika kwa juu, kikishuka bila kurarua kimetosha, ukiendelea hapo unakula chuma bure.